Gita la thamani likivunjika: nyumbani, kwa seremala, au kwa fundi wa magita?

Gita huvunjika kwa njia chache tu. Huteleza ukutani lilikoegemezwa, hugonga mlango likiwa mgongoni mwa abiria wa bodaboda, au hukandamizwa na magunia kwenye buti ya matatu kati ya Kisumu na Nakuru. Mara nyingi kinachoumia kwanza ni shingo, pale inapokutana na kichwa. Mambo matatu yamekutana hapo. Kichwa cha magita mengi kimeinamishwa nyuma, kwa hiyo mkondo wa mbao, yaani mwelekeo wa nyuzinyuzi za mti, unakatika badala ya kupita moja kwa moja. Ndani pamechimbwa mfereji wa fimbo ya chuma inayonyoosha shingo. Na nyuzi zinavuta usiku na mchana: seti ya chuma ya unene wa 12 (uzi wake mwembamba zaidi ni wa inchi 0.012) huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, ya nailoni karibu kilo 40.

Kwa hiyo, kabla hujasoma zaidi, legeza nyuzi zote. Fanya kidogo kidogo, kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita na kurudia, mpaka zilale kabisa. Okota kila kibanzi kilichoruka, hata kilicho kidogo kama punje ya mchele, ukitie kwenye bahasha. Usiguse mbao tupu ya mvunjiko kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huzuia gundi. Usirudie rudie kuvijaribu vipande kama vinaingiana, kwa sababu kila jaribio linavunja vijinyuzi ambavyo vingekusaidia kupata mahali pake. Usibandike selotepu juu ya vanishi. Ikibanduliwa huondoka nayo. Gita likishalegezwa na kuwekwa mahali pakavu, linaweza kusubiri hata miezi. Maamuzi mabaya mengi hufanywa jioni ile ile ya ajali, mwenye gita akiwa na uchungu na chupa ya gundi iko mezani.

VIGEZO VYA KUPIMIA

Cha kwanza ni aina ya jeraha. Ufa wa uso wa gita si sawa na kichwa kilichoning'inia, na daraja lililoinuka (kile kipande cha mbao usoni kinachoshikilia nyuzi) lina kazi yake tofauti kabisa.

Cha pili: kazi ikiharibika, inaweza kurudishwa nyuma? Hiki ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho watu hukiruka. Kiungo kilichogundishwa vibaya kwa gundi ya mbao bado fundi mwingine anaweza kukifungua kwa joto na unyevu, akakisafisha na kuanza upya. Kilichopigwa msasa, kikajazwa epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), kikatobolewa skrubu mbili, hakirudi. Mbao iliyoondoka imeondoka. Kila ukilinganisha njia, uliza kwanza itamwachia nini fundi wa baadaye.

Cha tatu ni kazi ya gita lenyewe. Gita la umeme la bendi ya benga, linalopanda jukwaani kila wikendi, linadai uimara kuliko urembo. Gita kavu, yaani lisilo la umeme, la omutibo, mtindo wa vidole na chupa ya soda inayogongwa kando, ambao George Mukabi aliueneza kabla hajafariki mwaka 1963, linaishi kwa uso wake kutetemeka. Ukiupaka vanishi nzito umelinyamazisha. Na gita la marehemu baba lina thamani katika mikwaruzo yake pia.

Cha nne ni gharama, muda na safari. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kilomita 350 hivi, na gita lililovunjika linaposafirishwa vibaya linaweza kuvunjika mara ya pili.

KULISOMA JERAHA

Ingiza kioo kidogo kupitia tundu la sauti, umulike kwa tochi ya simu. Kisha fanya kinyume chake: usiku, zima taa za chumba, weka taa ndogo ndani ya gita na ulitazame kwa nje. Mwanga utapenya kwenye nyufa ambazo mchana hazionekani. Gonga uso na mgongo kwa kifundo cha kidole, polepole, sentimita chache chache. Ukisikia mtetemo mkavu kama wa kitu kilicholegea, taruma moja limebanduka. (Mataruma ni yale mapau membamba yaliyogundishwa ndani kuushikilia uso, kama yalivyo mataruma ya mashua.) Mwisho, sukuma ukingo wa karatasi chini ya daraja, upande wa nyuma. Isipoingia, uko salama. Ikiingia milimita 5 au zaidi, daraja linataka kufunguliwa na kugundishwa upya.

Kwenye shingo, pima urefu wa mvunjiko. Ukiwa wa mshazari na nyuso zinazokutana zina sentimita 5 au zaidi, una bahati, kwa kuwa gundi ina mahali pa kutosha pa kushika. Ukiwa mfupi, chini ya sentimita 3, au vipande vimepotea, gundi peke yake haitoshi.

GUNDI HUAMUA MENGI, YEYOTE ATAKAYESHIKA KAZI

Ukiulizwa kuhusu kazi ya kiungo cha gita, uliza gundi gani. Gundi ya manjano ya mbao ndiyo ya kawaida kwa mafundi wengi wa leo: inashika haraka, ikikauka inakuwa ngumu, na joto likiongezwa inaregea. Gundi nyeupe ya mbao, ile ya kila karakana, inashika pia, ila ina kasoro ya kutambaa. Chini ya mvuto usiokoma, hasa penye joto, kiungo kinateleza kwa kiasi kisichoonekana mpaka siku moja mstari wa ufa umefunguka. Gita lililoachwa ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Kisumu linapata joto la kutosha kuanzisha jambo hilo. Kwa ufa wa ubavuni gundi nyeupe haina neno. Kwa daraja la nyuzi za chuma, hapana.

Magita ya zamani yaligundishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa, inayoyeyushwa kwenye chombo kilichozamishwa ndani ya maji ya moto, karibu nyuzi joto 60. Hiyo ndiyo inayofunguka vizuri kuliko zote, na kama gita lako ni la zamani kweli, fundi anayeijua ni wa kutafutwa.

Epoksi ina mahali pake: pale mbao imepotea na kuna pengo la kujazwa. Chagua inayokauka kwa saa 24. Ya dakika 5 ni dhaifu zaidi. Lakini ikishaingia kwenye mbao, gundi nyingine haitashika hapo mpaka mbao yenyewe ichongwe. Supaglu inafaa kwa vanishi iliyochanika na kwa freti iliyolegea (kile chuma chembamba kinachokatiza shingo), si kwa shingo yenyewe: ni ngumu lakini ni kavu mno, pigo dogo linaipasua, tena inatia doa kwenye mbao ya uso. Gundi ya viatu inabaki laini milele, kwa hiyo isikaribie gita.

NJIA YA KWANZA: KULIREKEBISHA MWENYEWE

Majeraha yanayofaa. Ufa mrefu wa mshazari shingoni ambapo vipande vyote vipo na vinaingiana vizuri. Ufa wa uso unaofuata mkondo wa mbao na usio na hatua kati ya pande mbili. Taruma lililobanduka mahali ambapo mkono unafika. Daraja, hapana, isipokuwa umewahi kulifanya kwenye gita usilolijali. Kulifungua kunataka joto la nyuzi 65 hadi 80 na kisu chembamba kinachofuata mkondo wa mbao. Kikienda kinyume, kinainua vibanzi vya uso.

Kazi ya shingo inavyokwenda:

1. Legeza nati ya fimbo ya chuma mpaka isivute. Ikiwa bado imekazwa, itausukuma ufa usifunge.
2. Safisha mvunjiko kwa mswaki mkavu tu. Hakuna msasa, hakuna kisu. Uso mkwaruzo wa mvunjiko ndio unaojua mahali pake. Ukilainishwa, vipande havitakutana tena.
3. Andaa vibao viwili vya kubania, unene wa milimita 20 hivi, kimoja kikiwa kimechongwa kufuata mviringo wa nyuma ya shingo. Gundisha raba iliyokatwa kwenye slipasi kuukuu, kisha funika kwa nailoni ili gundi isikishike.
4. Bana bila gundi. Pitisha ukucha juu ya mstari wa ufa, ukikwama, haujafunga. Rudia mpaka uweze kubana kila kitu kwa dakika 3.
5. Tia gundi, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Isukume ndani kwa ukanda mwembamba uliokatwa kwenye chupa ya plastiki, au kwa bomba la sindano. Fungua na ufunge ufa taratibu mara mbili tatu mpaka gundi ichungulie kila upande.
6. Kaza klampu (kifaa cha kubania) ya katikati kidogo, kisha za pembeni, kisha zote kwa zamu. Gundi inafanya mbao iteleze, kwa hiyo angalia kichwa kisihame. Ushanga mwembamba wa gundi ukitokeza pande zote, acha. Ukizidi kukaza unaikamua yote na kiungo kinabaki kikavu.
7. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Baada ya saa moja geuza nati ya fimbo robo mzunguko na kuirudisha, kuhakikisha haijashikwa na gundi. Acha klampuni saa 24. Nyuzi zisirudi kabla ya siku 3, na siku ya kwanza zikazwe toni moja chini ya kawaida.

Asiye na klampu za kutosha atafute mpira wa ndani wa baiskeli, aukate ukanda wa upana wa sentimita 3 na urefu wa mita moja na nusu, auvute na kuzungusha shingo kuanzia chini ya ufa kwenda juu. Unabana sawasawa na hauchubui vanishi. Tatizo lake ni kwamba huoni ndani yake, kwa hiyo ukucha ufanye kazi yake kabla na baada ya mizunguko ya kwanza.

Ufa wa uso una sharti la ziada: upe gita unyevu kwanza. Magita huwa na raha kwenye unyevunyevu wa asilimia 45 hadi 55. Lililozoea hewa ya ziwani, mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, likihamia Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi na hewa kavu ya Januari na Februari, uso wake husinyaa kwa upana na kupasuka. Toboa matundu kwenye kisanduku cha sabuni, tia sifongo yenye maji iliyokamuliwa isidondoke, uiweke ndani ya kasha pamoja na gita kwa siku 3 hadi 7. Nyufa nyingi hujifunga zenyewe karibu kabisa. Ndipo gundi isuguliwe ndani kwa kidole, na viraka vya mbao vibandikwe kwa ndani: unene milimita 2, upana milimita 12, mkondo wao ukikatiza mkondo wa uso, kimoja kila sentimita 4 au 5. Mbao nzuri ni ya uso wa gita lililokufa. Ikikosekana, saiprasi kavu yenye mkondo ulionyooka inatosha. Ukigundisha ufa ukiwa bado umepanuka kwa ukavu, mvua za Aprili zitaufanya uso uvimbe na upinde kando ya gundi.

Panapoharibika. Gundi inakauka kabla klampu hazijakaa. Mchana wa Kisumu unaziiba dakika, fanya kazi asubuhi. Kichwa kinahama milimita moja na nyuzi za pembeni zinaanza kutoka nje ya shingo. Au mtu anaridhika na uzuri wa nje huku ndani gundi haijafika nusu ya njia. Makosa haya yote, kama gundi ni ya mbao, yanaweza kurudishwa. Hilo ndilo linaloipa njia hii heshima.

Gharama na muda. Gundi, klampu 3, nailoni, na siku 4. Hii ndiyo rahisi kuliko zote.

Inamfaa nani. Mwenye mikono ya subira, aliye tayari kufanya zoezi la kubana mara tano kabla ya kufungua chupa.

NJIA YA PILI: SEREMALA WA JIRANI

Watu wa magita humdharau seremala bila sababu. Fundi anayechonga milango na viti vya kuunganishwa kwa ulimi, wa aina unayempata pembeni mwa soko la Kibuye au kwenye jua kali za Nakuru na Kakamega, anazijua mbao za huku kuliko mtu yeyote. Ana klampu, ana patasi kali, anaona mkondo wa mbao kwa kutupa jicho. Shida si ujuzi wake. Kiti kinabeba mzigo unaokuja na kuondoka. Gita linabeba mzigo usiopumzika, tena linatakiwa kuwa jepesi. Kinachookoa kiti kinaweza kuua gita.

Majeraha yanayofaa. Ubavu uliotobolewa au kupasuka, mgongo uliofunguka pembeni, na ule mvunjiko mfupi wa shingo unaohitaji ndimi za mbao. Kwa huo wa mwisho, shingo hugundishwa kwanza kama ilivyoelezwa, kisha nyuma yake huchimbwa mifereji miwili sambamba inayovuka mstari wa mvunjiko, mmoja kila upande wa fimbo ya chuma, upana milimita 6 na urefu sentimita 8 hadi 10. Ndani hutiwa vijiti vya mbao ngumu ambavyo mkondo wake unakwenda na urefu wa shingo, vikagundishwa na kusawazishwa. Kina chake kisizidi milimita 7, na kabla ya kuchimba mpime mfereji wa fimbo uko wapi. Seremala mwenye mkono mtulivu anaifanya kazi hii vizuri kuliko mwenye gita mwenye hofu.

Panapoharibika. Msumari au skrubu kupitia kichwa: inapasua mbao upya, na mara nyingine inaingia kwenye fimbo ya chuma na kuifunga milele. Msasa kwenye mvunjiko ili "kushike vizuri". Mchanganyiko wa vumbi la mbao na gundi nyeupe kujaza pengo ambalo vibanzi vyako vya kwenye bahasha vingelijaza. Skrubu kwenye daraja. Na vanishi mpya ya fanicha kutoka kichwani hadi chini, kama zawadi, bila kuombwa. Karibu yote haya hayarudishwi, na ndiyo maana njia hii inategemea maneno mtakayoelewana kabla kazi haijaanza.

Kaa naye chini, mwonyeshe gita, na umwambie waziwazi kwa heshima: "Fundi, hili lavutwa na kilo 70 kila siku, kwa hiyo gundi ndiyo ishike, si msumari. Naomba usipige msasa pale palipovunjika. Vibanzi viko kwenye bahasha hii, vyote virudi. Rangi usiguse, hata kidogo. Nitakuletea gundi mwenyewe." Kisha mletee gundi. Mwombe akuite wakati wa kubana bila gundi, ili upitishe ukucha wako. Fundi mzuri hatakasirika. Atauliza maswali, na huenda akaona kitu ambacho hukukiona. Anayesema "wewe niachie tu" kabla hajaligeuza gita aangalie nyuma, mshukuru na uende kwa mwingine.

Gharama na muda. Ndogo kuliko ya fundi wa magita, siku mbili hadi wiki, na hakuna safari. Lipa kwa kazi ya kiungo, si kwa "kulifanya liwe jipya".

Inamfaa nani. Anayeweza kuwapo karakanani kwa saa moja ya kubana. Ukimwachia seremala gita na kurudi Jumamosi, umechagua bahati nasibu.

NJIA YA TATU: FUNDI WA MAGITA

Huyu ni yule anayeishi kwa kurekebisha vyombo vya nyuzi. Usimchanganye na fundi wa spika na amplifaya, ambaye anaweza kuwa bingwa wa umeme na asiwahi kugundisha daraja. Nakuru na Kisumu unaweza kumpata kupitia wapigaji wa bendi na wa makanisa; asipopatikana, safari ni Nairobi.

Majeraha yanayofaa. Daraja lililoinuka, kiungo cha shingo na mwili kilichofunguka, uso uliozama au kuvimba, shingo iliyovunjika na vipande vikapotea, na gita lolote lililowahi kurekebishwa vibaya. Kusafisha gundi ya zamani kuna utaratibu wake: nyeupe hulainishwa kwa siki ya vuguvugu, epoksi huchongwa, na kila moja ikikosewa inakula mbao.

Kinachomtofautisha ni mambo ambayo hayaonekani kwenye picha. Ana vibao vya kubania vyenye njia za kuruka mataruma ndani ya gita, ili daraja likibanwa kutoka juu pasiwe na kitu kinachovunjika chini. Daraja akilirudisha anahakikisha mbao ya chini yake ni tupu kabisa, hakuna vanishi, kwa sababu gundi juu ya vanishi inashikilia vanishi tu. Baada ya kiungo anaangalia pembe ya shingo, urefu wa nyuzi juu ya freti, na kama mfupa wa juu, ule wenye mifereji ya nyuzi, ulitikiswa na pigo. Mfupa huo anaweza kuuchonga upya kwa mfupa wa ng'ombe, na gita likarudi na sauti safi kuliko kabla ya ajali.

Panapoharibika. Safari kwanza. Kama lazima litumwe kwa parseli, nyuzi ziwe zimelala, kichwa kifungwe kwa kipande cha kadibodi chini yake, magazeti yaliyofinyangwa yajaze pande zote za kichwa ndani ya kasha, na kasha liingie kwenye boksi kubwa lenye magazeti mengine. Pengo chini ya kichwa ndilo linalolivunja mara ya pili. Bora zaidi ni kupanda nalo basi na kulishikilia. Hatari nyingine ni rangi. Kupaka upya kunachukua wiki nyingi na mara nyingi kunagharimu kuliko kiungo chenyewe. Omba bei mbili tofauti, ya kiungo na ya rangi. Ufa uliogundishwa vizuri na kuonekana ni ushuhuda wa historia ya gita; hauhitaji kufichwa.

Muulize maswali manne: utatumia gundi gani, utalegezaje daraja, utaacha vanishi ya zamani, na kiungo kikifunguka baada ya miezi sita itakuwaje? Anayejibu kwa utulivu, kwa vipimo, ndiye.

Gharama na muda. Kubwa kuliko zote, na ongeza nauli kwenda na kurudi. Wiki mbili hadi miezi miwili ni jambo la kawaida kwa kazi ya makini.

Inamfaa nani. Mwenye gita ambalo haliwezi kununuliwa tena, au ambalo jeraha lake limefika mahali ambapo kosa moja linaharibu uso.

NJIA YA NNE: KUBADILISHA SEHEMU, AU KULIPUMZISHA

Magita mengi ya umeme yana shingo iliyofungwa kwa skrubu 4 nyuma ya mwili. Hapo kuvunjika kwa shingo si msiba. Pima kutoka kwenye mfupa wa juu hadi freti ya 12, zidisha mara mbili: ukipata milimita 648 au karibu na hapo, tafuta shingo ya kipimo hicho, ukipata 628, tafuta ya hicho. Pima pia upana wa mfuko wa shingo. Wa kawaida wa magita ya kampuni ya Fender ni karibu milimita 56. Tofauti ya kipimo cha kwanza hairekebishiki, gita halitapatana hata ukikaza vipi. Shingo ya zamani iweke kabatini na skrubu zake, usiitupe.

Kwa gita kavu la marehemu lenye majeraha mengi, kuna jambo la heshima linalosahaulika: kuligundisha lisimame bila kuvunjika zaidi, kulifunga nyuzi za nailoni au kuliacha bila nyuzi, na kununua lingine la kazi. Linabaki lilivyokuwa, na mlango wa kulirekebisha siku moja hauzibwi. Gharama ni ndogo. Linamfaa anayetaka kulitazama na kulishika, si kulipigia ibada nzima.

CHAGUA KWA HALI YAKO

Shingo imevunjika kwa mshazari mrefu, vipande vyote vipo, gita ni la kupigia nyumbani au kanisani: anza mwenyewe kwa gundi ya manjano, au mkae na seremala mkabane pamoja.

Mvunjiko mfupi, gita la bendi linalosafiri kila wiki: seremala mwenye mkono mtulivu aweke ndimi za mbao, chini ya masharti yale yale, au fundi wa magita kama yupo karibu. Usikubali kupanda nalo jukwaani kabla ya siku 7 kutimia.

Uso umepasuka baada ya kuhamia Nakuru au Eldoret: unyevu kwanza kwa wiki, kisha amua. Ufa ukifunga, kazi ni ya nyumbani. Pande mbili zikibaki na hatua kati yao, ni ya fundi wa magita.

Daraja limeinuka: fundi wa magita, na mpaka umpate, nyuzi zilale. Kila siku likiwa limekazwa, linainua vibanzi vya uso pamoja nalo.

Shingo ya skrubu: nunua shingo, weka ya zamani.

Gita la mzazi aliyetangulia, na huna uhakika: legeza, funga bahasha ya vibanzi, bandika ndani ya kasha karatasi yenye tarehe na jinsi lilivyoanguka, kisha uliweke mahali pakavu mpaka umpate mtu unayemwamini.